Hamamu ya Kidichi

Ukitoka mjini Zanzibar kwa njia ya kaskazini, ukaipita Mtoni, ukafika Bububu na kuiacha bahari mgongoni, barabara huanza kupanda. Juu ya kilima cha Kidichi, kati ya minazi na mashamba ya viungo, limesimama jengo jeupe lenye makuba. Kwa nje halina madaha. Kuta ni nene, zimepakwa chokaa, na asiyeambiwa angepita akidhani ni ghala la karafuu.

Ndani ni habari nyingine. Mafundi walitia lipu ya chokaa ukutani, na kabla haijakauka wakaichora kwa mkono: maua na majani, mitende, na ndege. Kazi ni ya Kiajemi, na katika Unguja ya wakati ule ilikuwa ngeni. Waomani waliotawala kisiwa walikuwa Maibadhi, watu wa ibada isiyo na mapambo. Misikiti yao mingi ya zamani haina hata mnara. Ndege ukutani, tena katika jengo la mtawala mwenyewe, Seyyid Said, hawakuwekwa hapo kwa bahati. Waliwekwa kwa ajili ya mtu.

Mtu huyo alikuwa mke wa pili wa ndoa wa Seyyid Said bin Sultan, mjukuu wa Shah Fath Ali wa Uajemi. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alimwandika kwa jina la Schesade, yaani Shahrazad, katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886. Anasimulia kwamba bibi huyo alikuja na wapanda farasi wake mia na hamsini, akatoka nao kwenda kuwinda mchana kweupe, jambo lililowashangaza wanawake wa jumba la Seyyid la Mtoni. Nguo zake zilitariziwa lulu. Mjakazi akifagia chumba na kuokota lulu zilizodondoka, bibi hakuzitaka tena. Aliyeokota alikwenda nazo.

Hamamu hiyo, yaani nyumba ya kuogea, ilijengwa mwaka 1850. Seyyid na mkewe walipopanda Kidichi kuwinda au kutazama shamba, hapo ndipo walipoondoa vumbi na jasho. Kisima kilikuwa pembeni, moto ukawashwa chini, na maji ya moto yakaingia katika birika la kuogea. Kuna chumba cha kuvulia nguo, kuna mahali pa kukandwa mwili, na juu ya kuba kuna vitundu vya kupitisha mwanga. Palikuwa pia na nyumba ndogo ya kulala, ambayo leo haipo.

Majengo ya starehe namna hii hayakuwa Kidichi peke yake. Jumba la Mtoni lilikuwa na hamamu ya Kiajemi ambayo Salme aliisifu kuwa haikuwa na mfano kisiwani. Tena mbele ya jumba hilo, ukingoni mwa bahari, kilisimama kibanda kikubwa cha duara cha mbao, kimepakwa rangi, paa lake limechongoka kama pia. Wenyewe wakikiita benjle. Ndani yake mlikuwa na viti na darubini kubwa. Seyyid alikuwa akitembea humo huku na huku, kichwa amekiinamisha, akichechemea kidogo kwa risasi iliyompata pajani vitani. Kahawa ilinywewa hapo na watu wazima wa nyumba mara kadhaa kwa siku, wakati uani tausi, mbuni, paa na korongo wakizurura. Benjle ilikuwa ya mbao na imetoweka. Hamamu ya Kidichi ilikuwa ya mawe na chokaa, na imebaki.

Huko Kizimbani, si mbali na Kidichi, kuna hamamu nyingine ya Seyyid, kavu, isiyo na ua wala ndege. Ukizitazama zote mbili ndipo unapoona uzito wa kazi ya Kidichi. Kizimbani lilikuwa shamba la Saleh bin Haramil al-Abri, anayetajwa kuwa miongoni mwa waliotangulia kuleta mikarafuu Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na baadaye Seyyid Said alimnyang'anya. Karafuu ndizo zilizolipia makuba haya. Na karafuu zilipandwa, zikapaliliwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Mtu hawezi kuisimulia raha ya birika akawaacha nje watu hao, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Ndoa ya Seyyid na bibi wa Kiajemi haikudumu. Wawili hao waliachana, bibi akarudi Uajemi, na Salme anasimulia kwamba miaka ya baadaye alionekana vitani miongoni mwa askari wa nchi yake. Seyyid Said alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, akiwa njiani kutoka Maskati. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Seyyid Barghash, mwana wa Said, alipojenga hamamu ya watu wote mjini, mtaa ukaitwa Hamamni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa na wakulima wakagawiwa ardhi eka tatu tatu.

Leo watalii wanaokwenda kunusa iliki na mdalasini huchungulia hamamu kwa dakika chache. Unyevu umezipenya kuta, ukungu umefunika sehemu za michoro, na kila mvua ya masika huongeza lake. Lipu ya namna hii haitaki saruji, kwa maana saruji hufungia maji ndani ya ukuta na chokaa ya zamani hubanduka nayo. Inataka chokaa iliyorowekwa vizuri na fundi mwenye subira, na Zanzibar bado ina mafundi wanaoijua kazi hiyo.