onebillion
onebillion ni shirika la Uingereza lisilolenga faida, linalotengeneza programu ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kishikwambi. Toleo lake la Kiswahili lilijaribiwa katika shindano la Global Learning XPRIZE mkoani Tanga: kwa miezi 15 watoto wa vijijini, wengi wao hawajawahi kukanyaga darasani, walijifunza bila mwalimu, vishikwambi vikichajiwa kwa umeme wa jua. Mtoto hugusa herufi, akasikia sauti yake. Akikosea hurudia bila kuchekwa, jambo lisilo dogo kwa anayesoma kwa shida. Mei 2019 onebillion na mshindani wake Kitkit School zilitangazwa washindi wa pamoja, kila moja ikapata dola milioni 5. Programu zilizofika fainali zilitolewa kama programu huria.