Ubini wa Mke: Binti wa Nani, Mke wa Nani?

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa naye ni mwalimu, alirudishwa na ofisi moja kwa kuwa vyeti vyake vina ubini wa babaye, ilhali barua ya kazi ina ubini wa mumewe. Akaniuliza: "Mwalimu, desturi hii tumeitoa wapi?"

Chimbuko lake kubwa kwetu ni Uingereza. William Blackstone, bingwa wa sheria, aliandika mwaka 1765 kwamba mume na mke ni mtu mmoja kisheria, na nafsi ya mke husita kwa muda wote wa ndoa. Aliyemezwa hivyo angebaki na jina la nini? Sheria ya mwaka 1882 ilimpa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Jina halikuguswa, kwani lilikuwa limechukuliwa na mazoea, wala si na sheria. Mazoea hayo yakatufikia kwa njia ya misheni, shule na madaftari ya wakoloni.

Pwani ilikuwa na njia yake. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake mwaka 1858, kumuusia bintiye. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, mtu mwenye jina kubwa. Utendi huo husifiwa, na pia hulaumiwa, kwa kumhimiza mke amtii mumewe; lakini mtunzi mwenyewe alibaki binti Mshamu. Siti binti Saad naye alizaliwa akiitwa Mtumwa. "Siti" alitunukiwa ukubwani. "Binti Saad" halikubadilika. Mafunzo ya Kiislamu humtaka mtu anasibishwe na babaye, na ndoa haikati nasaba.

Hata hivyo, wapenzi wa lugha, tusijisifu kupita kiasi. Mshamu na Saad ni wanaume pia. Neno "binti" hutaja alikotoka mwanamke, na "mke wa" hutaja alikofika. Majina ya mama zao hayamo katika lolote kati ya hayo mawili.

Nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba achague, mradi ajue kuwa anachagua. Aliurejesha ubini wa vyeti vyake. Aliyemsindikiza kwa wakili kula kiapo ni mumewe.