Unyevujoto wa Wengu na Tumbo katika Tiba ya Jadi ya Kichina

Unyevujoto wa wengu na tumbo, ambao Wachina huuita shire, ni miongoni mwa ruwaza za ugonjwa zinazotajwa mara nyingi zaidi katika tiba yao ya jadi. Mgonjwa hulalamika kwamba tumbo limejaa na ni zito hata akila kidogo. Mdomo huwa mchungu au wenye kunata, kiu ipo lakini hamu ya kunywa haipo, viungo huwa vizito, mkojo mchache na wa rangi iliyokolea. Choo huwa laini, chenye harufu kali, hunata, huunguza, na humwachia hisia kwamba haja haijaisha. Tabibu akiutazama ulimi huona wekundu chini ya utando mnene wa manjano unaong'aa kama uliopakwa mafuta. Akishika mshipa wa kifundo cha mkono husikia mapigo ya haraka yanayoteleza chini ya vidole. Hakuna hata moja kati ya dalili hizi inayotosha peke yake. Kiu ni ya magonjwa mengi, na choo kinachonata huweza kutokea pasipo joto lolote. Uamuzi hutokana na jinsi dalili zinavyokutana.

Wengu anaoutaja tabibu huyu si kiungo kile ambacho mpasuaji hukikuta chini ya mbavu za kushoto. Ni jina la kazi: kukibadili chakula na maji kuwa lishe, kisha kuipandisha lishe hiyo mwilini. Tumbo hupokea na kushusha. Wengu huchukia unyevu, tumbo huchukia ukavu, na afya ya mmeng'enyo ni matokeo ya mivutano hiyo miwili kulingana. Kazi ya wengu ikidhoofika, au mtu akizidisha vyakula vya mafuta, vitamu na pombe, maji yasiyobadilishwa hutuama. Yakituama kwa muda huzaa joto. Njia nyingine huanzia nje, hasa katika majira ya joto na mvua, lakini hata hapo waandishi wengi hushikilia kwamba unyevu wa nje humpata kwa urahisi yule ambaye tayari anao wa ndani.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki aliyelelewa karibu na utabibu wa tabia nne, uliofika kutoka Ugiriki kupitia Waarabu, anaweza kudhani kwamba amekwisha kuyafahamu haya. Hapana. Katika mfumo ule joto na unyevu kwa pamoja ni tabia ya damu, hali ya asili ambayo hudhuru ikizidi tu. Kwa Wachina unyevujoto ni uchafu uliokwama. Ni kweli kwamba uainishaji wa aina tisa za maumbile, uliotangazwa nchini China kama kiwango rasmi mwaka 2009, unayo aina ya watu wa unyevujoto, lakini hata hiyo huhesabiwa kuwa maumbile yaliyopotoka.

Ugumu wenyewe uko kwenye tiba. Joto huhitaji dawa baridi, na dawa baridi huudhoofisha wengu na kuuongeza unyevu. Unyevu huhitaji dawa kali zenye kukausha na kuchangamsha, na hizo huuchochea moto. Matabibu wa Kichina wamezoea kusema kwamba hali hii ni kama mafuta yaliyokwisha kuingia kwenye unga. Wu Jutong, katika kitabu chake Wenbing Tiaobian cha mwaka 1798, aliweka makatazo matatu kwa homa za aina hii: mgonjwa asitoleshwe jasho, asiharishwe, asipewe dawa za kulainisha na kulisha. Kila katazo linalenga kosa ambalo tabibu makini angelifanya kwa nia njema, kwa sababu homa humwelekeza kwenye jasho, kujaa kwa tumbo humwelekeza kwenye kuharisha, na joto la alasiri humfanya adhani kwamba maji ya mwili yamepungua. Dawa yake ya mbegu tatu, San Ren Tang, haikabili moto ana kwa ana. Mbegu ya aprikoti hufungua mapafu juu, mbegu ya mmea wa jamii ya iliki huamsha wengu katikati, mbegu ya yiyiren hutoa maji chini kwa njia ya mkojo. Unyevu ukipata njia, joto hubaki peke yake na kuzimika kwa urahisi. Kabla yake Ye Tianshi wa Suzhou alikuwa amefundisha jambo hilohilo: kuvitenganisha viwili hivyo kwanza.

Hapa ndipo hoja ya makala haya ilipo. Unyevujoto unaeleweka vizuri zaidi ukichukuliwa kuwa kanuni ya kupanga tiba, yaani nini kitangulie, nini kisubiri, na kipi kisifanywe kabisa, kuliko ukichukuliwa kuwa kitu kinachokaa ndani ya utumbo kikingoja kupimwa maabara.

Historia inaunga mkono usomaji huo. Huangdi Neijing, mkusanyiko wa enzi ya Han, unalo neno shire, lakini linapojulikana zaidi humo linahusu kukakamaa na kulegea kwa misuli. Mahali pengine kitabu hicho kinaeleza mdomo mtamu wa watu wanaokula vinono, pasipo kulitumia neno hilo. Zhang Zhongjing, mwanzoni mwa karne ya 3, alitibu macho na ngozi za manjano kwa Yinchenhao Tang, na kuhara kwa joto kwa dawa yenye mimea ya huangqin na huanglian. Kuziita dawa hizo za unyevujoto ni kazi ya waliokuja baadaye. Li Gao alishuhudia vifo vingi baada ya kuzingirwa kwa Kaifeng mwaka 1232, akaamini kwamba njaa na uchovu vilikuwa vimeharibu wengu na tumbo kabla ya tiba isiyofaa kumaliza kazi. Kitabu chake Pi Wei Lun cha mwaka 1249 kimejengwa juu ya imani hiyo. Zhu Danxi (1281–1358) ndiye aliyeupa unyevujoto kiti cha mbele, akidai kwamba ndio chanzo cha magonjwa manane au tisa kati ya kila kumi yanayotokana na hali ya hewa. Zhu alikuwa mtu wa Zhejiang, kusini mwa mto Yangtze, penye mashamba ya mpunga, mifereji na kiangazi kizito. Waliofuata, Ye, Xue Xue, Wu na Wang Mengying, wote walikuwa watu wa ukanda huohuo au jirani yake, na mwanahistoria Marta Hanson ameonyesha jinsi tofauti ya kaskazini na kusini ilivyoingia ndani ya nadharia yenyewe.

Risala inayohusishwa na Xue Xue ina wazo lenye manufaa kuliko yote haya. Chanzo ni kimoja, lakini nguvu ya katikati ikiwa imara ugonjwa huelekea tumboni na kuwa moto zaidi. Ikiwa dhaifu huelekea kwenye wengu na kuwa unyevu zaidi. Kwa hiyo watu wawili waliokula chungu kimoja wanaweza kuhitaji dawa tofauti. Kwa wa kwanza huanglian, dawa baridi, hutangulia. Kwa wa pili hutangulia cangzhu na houpo, dawa za kukausha, na huanglian hutiwa kidogo tu.

Tangu miaka ya 1950, vyuo vya China vilipoisawazisha tiba hii katika vitabu vya kiada, kumekuwa na hamu ya kuupa unyevujoto jina la kisasa: bakteria wa tumboni, uvimbe wa utumbo mpana, mabadiliko ya vijidudu. Hamu hiyo ina msingi. Huanglian ina berberini, ambayo China imeitumia kwa miongo mingi dhidi ya kuhara kwa bakteria. Lakini ulinganisho huo hubeba nusu tu ya jambo, kwa maana bakteria huyohuyo hukutwa kwa mgonjwa ambaye ulimi wake ni mweupe na tumbo lake linataka vya moto. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 umechagua njia ya busara zaidi: ruwaza za tiba za jadi zina sura yake, na zinaweza kuandikwa kando ya ugonjwa pasipo kuchukua nafasi yake.

Kanuni ya kupanga tiba hupimwa kwa matokeo ya mpango. Jaribio lililofanyika Sydney na kuchapishwa mwaka 1998 liliwagawa wagonjwa 116 wa utumbo wenye hasira katika makundi matatu: dawa iliyotungwa kwa ruwaza ya kila mtu, dawa moja kwa wote, na dawa bandia. Mwisho wa tiba makundi mawili ya kwanza yalikuwa yamepata nafuu kuliko la tatu, na dawa moja kwa wote haikuzidiwa. Wiki 14 baadaye ni waliotungiwa dawa peke yao walioendelea na nafuu. Matokeo hayo yanakata pande zote mbili, na jaribio moja dogo halitoshi kumaliza mabishano.

Ruwaza sahihi haiifanyi dawa kuwa salama. Longdan Xiegan Tang, dawa mashuhuri ya unyevujoto wa ini na nyongo, iliwahi kutengenezwa kwa guan mutong, mmea wenye asidi ya aristolokia inayoharibu figo. China iliuondoa mmea huo katika orodha ya dawa zake mwaka 2003. Singapore ilipiga marufuku huanglian mwaka 1978 kwa hofu ya manjano kali kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinaya kwa dawa ya jamii inayotumiwa kuondoa manjano. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa baada ya ushahidi kupitiwa upya. Upungufu wa G6PD umeenea palipo na malaria, ikiwemo pwani ya Afrika Mashariki, na tahadhari kwa mtoto mchanga na mama anayenyonyesha bado inashauriwa.