Kioo cha Saa ya Babu: Akriliki, Yakuti na Historia ya Mikwaruzo

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, mwenzangu wa chumbani aliishika saa yangu, akaigeuzageuza chini ya taa, kisha akauliza, "Ndugu yangu, hii saa unaisomaje?" Lilikuwa swali la haki. Kioo kilikuwa kimejaa mikwaruzo hata tarakimu zikaonekana kama zimefunikwa na ukungu. Yeye alikuwa na saa mpya ya kioo cha yakuti samawi aliyonunuliwa na mjomba wake. Alichukua ufunguo wa mlango akakikwaruza kioo chake mbele yangu. Hakikuacha alama. Nami nilijaribu kwa mkono wangu, na kweli hapakuwa na alama. Usiku ule niliamua kwamba saa ya babu itapata kioo kama kile.

Haikupata. Insha hii inaeleza kwa nini, na wakati huohuo inajaribu kujibu swali la kihistoria. Yakuti ni ngumu kuliko akriliki, na binadamu alijua kuitengeneza kabla ya kuijua akriliki. Kwa nini basi saa nyingi za mkononi za katikati ya karne ya 20 zilikuwa na kioo cha plastiki? Hoja yangu ni kwamba historia ya kioo cha saa si hadithi ya kitu kibaya kuondolewa na kizuri kuingia. Ni historia ya watu kuchagua aina ya madhara wanayoweza kuishi nayo.

Nianze na saa yenyewe. Babu aliajiriwa kuwa karani wa stesheni ya Tororo, mashariki mwa Uganda, mwaka 1964. Wakati huo reli ya kutoka Mombasa, ambayo ilifika Kampala mwaka 1931, ilikuwa chini ya shirika moja la nchi tatu za Afrika Mashariki. Kwenye makaratasi kazi ilifanyika kwa Kiingereza. Kwenye jukwaa la stesheni, kwa Kiswahili. Treni iliyoandikwa kwenye ratiba kuwa inafika saa 8 asubuhi, abiria walisema inafika saa mbili. Babu hupenda kusema kwamba alitembea na saa moja mkononi na saa mbili kichwani. Mwaka 1968 alipelekwa Nairobi kwa mafunzo, na huko akainunua saa hii kwa akiba yake. Ilitengenezwa Uswisi, hutiwa ufunguo kila asubuhi, na usoni imeandikwa kuwa ina mawe 17. Nitarudi kwenye mawe hayo.

Tatizo la kioo cha saa lilikuja pamoja na saa yenyewe kuhamia mkononi. Saa ya mfukoni ililindwa na nguo. Saa ya mkononi hugonga mlango, meza na ukuta. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wengi walivaa saa za mkononi kwenye mahandaki, na kioo cha kawaida kikawa kinapasuka. Baadhi ya saa zile zilifunikwa wavu wa chuma juu ya kioo. Nyingine zilipewa kioo cha seluloidi, plastiki ya zamani isiyovunjika upesi, lakini ambayo hugeuka rangi ya njano kadiri miaka inavyopita.

Yakuti ya kutengenezwa ilikuwa tayari imepatikana. Mwaka 1902 mwanakemia Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake. Unga safi wa oksidi ya alumini hudondoshwa kidogo kidogo kupitia mwali mkali wa oksijeni na hidrojeni, ukayeyuka, ukaganda na kujijenga tone juu ya tone mpaka ukawa jiwe. Ukichanganywa na kromi kidogo, jiwe hutoka jekundu. Ukiachwa bila kitu, hutoka jeupe kama maji. Watengenezaji wa saa waliipokea njia hiyo kwa furaha, lakini hawakuiweka kwenye kioo. Waliiweka ndani, kwenye matundu madogo ambamo ekseli za magurudumu huzunguka, mahali ambapo chuma kikisugua chuma kingelika. Hayo ndiyo mawe 17 ya saa ya babu: ni yakuti nyekundu za kutengenezwa. Kwa hiyo, wakati natamani kuipa saa ile yakuti, ilikuwa nayo tayari tangu siku ilipotoka kiwandani.

Kwa nini jiwe lilikaa ndani na lisije juu? Sababu ya kwanza ni gharama. Ugumu unaoizuia yakuti kukwaruzika ndio unaoifanya iwe kazi ngumu kuikata na kuing'arisha. Hukatwa kwa almasi. Sababu ya pili ni umbo. Kioo cha saa nyingi za wakati ule kilikuwa na tumbo kama kifuniko cha sufuria, na kulichonga umbo hilo kwenye jiwe kulikuwa kazi ndefu. Sababu ya tatu ndiyo kubwa zaidi, nayo inahitaji tutofautishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo huwa tunayachanganya: kutokukwaruzika na kutokuvunjika.

Kipimo cha kukwaruzika tulichonacho kilitungwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812. Almasi ina 10, yakuti 9, kioo cha kawaida 5 na nusu hivi, na akriliki karibu 3. Mchanga mwingi una chembe za kwatzi, nazo zina 7. Ndiyo maana mtu anayeishi kwenye barabara ya murramu hukwaruza saa yake bila kujua: hupangusa vumbi kwa mkono wa shati, na kila kupangusa ni kukata. Vumbi lile haliwezi kitu mbele ya yakuti.

Lakini mfikirie chungu na jerikeni. Jerikeni hukwaruzika kila siku kisimani. Chungu hakikwaruzwi hata na kijiko. Viangushe vyote viwili, kisha uone kipi kitateka maji kesho. Yakuti ina tabia ya chungu. Ikipigwa vibaya hupasuka vipande vyenye makali, na haina msamaha. Akriliki ina tabia ya jerikeni. Huinama kidogo, hupokea pigo, na ikifikia mwisho wake hupata ufa, lakini mara nyingi haisambaratiki.

Akriliki ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1930. Huko Ujerumani kampuni ya Otto Röhm iliiuza kwa jina la Plexiglas kuanzia 1933. Huko Uingereza kampuni ya ICI iliiita Perspex. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, ikawa kioo cha ndege za kivita, kwa kuwa ilikuwa nyepesi, ilionyesha vizuri na iliweza kukunjwa kwa joto. Kwenye saa ilikuwa na faida nyingine: fundi huibana kidogo kwa kifaa chake, akaiingiza kwenye ukingo, akaiachia, nayo ikatanuka na kushika yenyewe.

Hapa pana tawi la historia hii ambalo sikulitarajia. Marubani wa Uingereza walijeruhiwa macho na vipande vya Perspex, na daktari wa macho Harold Ridley akaona kwamba jicho liliweza kukaa na vipande vile bila kuvimba sana. Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, alimwekea mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki hiyohiyo. Kitu laini kinachokwaruzwa na vumbi kilipata makao ndani ya jicho, mahali ambapo vumbi halifiki.

Mfano maarufu zaidi wa uchaguzi ninaouzungumzia ni saa ya Omega Speedmaster, iliyoanza kuuzwa mwaka 1957. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilizijaribu saa za kampuni kadhaa kwa joto la hadi nyuzi 93, kwa baridi, kwa mtikiso na kwa mapigo. Katika saa moja iliyoshindwa, kioo kilipinda kwa joto na kung'oka. Machi 1965 Speedmaster ilikubaliwa kwa safari za wanaanga. Kioo chake kilikuwa cha akriliki, ambayo katika biashara ya saa huitwa Hesalite. Chomboni, ambako kitu hakina uzito, vipande vya kioo kilichopasuka haviangukii sakafuni. Huelea, vikaingia machoni, puani na kwenye mitambo. Julai 1969 Buzz Aldrin alitembea juu ya mwezi akiwa na saa ya kioo cha plastiki mkononi. Waliokuwa na fedha za kununua kioo chochote duniani walichagua kile kinachokwaruzika.

Hata hivyo, mwanafunzi wa historia hapaswi kuugeuza mfano kuwa wimbo wa sifa. Mwaka 1971, katika safari ya Apollo 15, kioo cha saa ya David Scott kiling'oka wakiwa huko mwezini, naye akatoka nje mara ya tatu akiwa na saa nyingine aliyoibeba. Akriliki nayo ina siku yake. Wala yakuti haikubaki pembeni. Rolex waliiweka kwenye saa yao ya kwanza yenye kioo hicho mwaka 1970, na katika miongo iliyofuata ikawa jambo la kawaida kwenye saa za bei. Sababu inaeleweka: wanunuzi wengi hugusana na vumbi na kuta za saruji kila siku, lakini hawapigwi mapigo ya roketi. Yakuti hurudisha mwanga zaidi, karibu asilimia 8 kwa kila upande ikilinganishwa na asilimia 4 ya akriliki, kwa hiyo mara nyingi hupakwa dawa ya kuupunguza. Leo hii Speedmaster huuzwa kwa namna zote mbili, na mnunuzi huulizwa anataka ipi. Hakuna kilichomshinda mwenzake.

Nirudi Tororo. Wakati wa likizo niliipeleka saa kwa fundi mmoja anayekaa kwenye baraza ya duka mjini. Aliitazama kwa lenzi yake.

"Mzee, naomba uniwekee kioo cha yakuti," nikamwambia.

"Kijana, kasha hili limetengenezwa kwa kioo kinachobanwa. Yakuti haibanwi. Itabidi nichonge kasha la babu yako ili liingie kioo chako. Unataka hivyo?"

Sikutaka. Akachukua msasa laini wenye maji, akasugua kwa kuzungusha, kioo kikawa cheupe kabisa mpaka nikaogopa. Kisha akapaka dawa ya kung'arishia kwenye kitambaa, akasugua tena. Kwa muda usiofika robo saa, tarakimu zikatoka kwenye ukungu. Nilifurahi mno. Niliona nimepata jibu la insha: akriliki hukwaruzika, lakini hupona; yakuti haikwaruziki, ila ikiumia haiponi. Tena nikakumbuka methali, usiache mbachao kwa msala upitao.

Nilifika nyumbani jioni. Babu alikuwa amenipa saa ile kwa sababu mtoto wa jicho ulimzuia kuisoma. Miezi michache kabla ya likizo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho moja, na daktari alikuwa amemwekea lenzi ya akriliki, ya ukoo uleule wa lenzi ya Ridley. Nikampa saa aone ilivyong'aa. Aliisogeza karibu, akaisoma vizuri, akatabasamu. Kisha akapitisha kidole pembeni mwa kioo.

"Hapa karibu na tatu palikuwa na mkwaruzo mrefu. Uko wapi?"

Nikamwambia fundi ameuondoa. Akanyamaza kidogo. Halafu akanisimulia. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na reli ikagawanywa, yeye na wenzake walihamisha madaftari ya stesheni, na mkono wake uligonga mlango wa chuma wa behewa. Kwa miaka mingi alikuwa akizungumza kwa simu ya reli na karani mmoja upande wa Kenya, kila siku, kwa Kiswahili, kuhusu treni zinazokuja na zinazokwenda. Tangu mwaka ule hakumsikia tena. Kila alipoutazama mkwaruzo ule alimkumbuka mtu huyo, ambaye hakuwahi kumwona uso.

Nilijisikia vibaya. Nasoma historia, nafundishwa kulinda vyanzo, na chanzo kilichokuwa mkononi mwangu nimelipa pesa kisuguliwe. Nikamwomba radhi.

"Mkwaruzo haukuwa na maneno, mjukuu wangu," akasema. "Maneno ninayo mimi. Wewe hukuwa umeniuliza."

Jibu lake lilinifanya nirekebishe hoja niliyokuwa nimeifurahia kwa fundi. Ni kweli kwamba akriliki hupona, lakini kupona kwake ni kupoteza tabaka la juu, pamoja na yaliyoandikwa humo. Yakuti nayo haipotezi kitu, kwa kuwa haikuandika kitu. Saa ya mwenzangu, hata akiivaa miaka 50, huenda isionyeshe alitembea wapi. Hilo si kosa. Mtu ana haki ya kutaka kioo kisafi. Ila kila upande una bei, na bei hiyo si ya pesa peke yake.

Saa bado ina kioo chake cha plastiki. Imekwisha pata mikwaruzo mingine, miwili ya hosteli na mmoja wa basi la Kampala, nami sijaipeleka kwa fundi tena. Badala yake nimenunua daftari. Kila likizo nakaa na babu, namwuliza kuhusu stesheni, kuhusu simu ya reli, kuhusu mwaka 1977, naye hueleza huku akiitazama saa mkononi mwangu kwa lile jicho lililotibiwa. Mpaka sasa tumejaza kurasa 40.