Mtoto Wako Anapofanyiwa Upasuaji wa Uvimbe Kwenye Ubongo

Ukiambiwa mtoto wako ana uvimbe kwenye ubongo, swali la kwanza huwa moja tu: atapona? Siku hiyo daktari hawezi kukujibu kwa uhakika. Inategemea ni uvimbe wa aina gani, uko wapi na ni kiasi gani kitaweza kutolewa. Si kila uvimbe ni saratani, na mara nyingi aina yake hujulikana baada ya kipande kupimwa maabara. Hapa nakueleza utakayoyaona kwa macho yako mwenyewe.

Dalili zinazotakiwa kukushtua

Kichwa kuuma hasa asubuhi, kutapika bila kuharisha, kuyumba anapotembea, makengeza yaliyoanza ghafla, au degedege bila homa. Kwa mtoto mchanga, kichwa hukua haraka na utosi hutuna. Wengi hutibiwa kwanza malaria au minyoo, na wengine hupelekwa kwa mganga. Usijilaumu, mama, hata sisi wa zahanati hutupita. Ila dalili zikirudi baada ya dawa, omba rufaa, kwa sababu kinachoonyesha uvimbe ni kipimo cha CT au MRI. Hapa Tanzania unaweza kuelekezwa MOI, yaani Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Jina huwachanganya wazazi, lakini huko hutibiwa pia ubongo na mishipa ya fahamu.

Kabla ya upasuaji

Utaombwa kusaini fomu ya ridhaa. Kabla hujashika kalamu, uliza: mnatarajia kuutoa wote? Uko karibu na sehemu inayohusika na kuona, kuongea au kutembea? Atahitaji mrija wa kupunguza maji kichwani? Daktari akieleza kwa maneno magumu, mwambie arudie. Ni haki yako.

Ndugu wanaweza kuombwa kuchangia damu. Waandae mapema.

Kuhusu kufunga, fuata saa utakazopewa wodini. Kwa kawaida chakula, uji na maziwa ya ng'ombe au ya kopo husimamishwa angalau saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, na maji matupu saa 2. Mwambie bibi yake pia! Kijiko cha uji cha huruma kinaweza kuahirisha upasuaji, kwa sababu mtoto akiwa kwenye dawa ya usingizi chakula hupanda na kuingia kwenye mapafu.

Upasuaji wenyewe huchukua saa nyingi. Mtoto hulala kabisa na hasikii maumivu. Kuchelewa kutoka si lazima kumaanisha jambo baya.

Utakapomwona tena

Atakuwa ICU. Utakuta bandeji kichwani, dripu, mpira wa mkojo, pengine mashine inayomsaidia kupumua. Uso na macho vinaweza kuvimba, na uvimbe huo huongezeka kidogo kabla ya kupungua. Mshike mkono, mwite jina lake.

Jambo moja wazazi wengi hawaambiwi. Uvimbe ukiwa sehemu ya nyuma ya ubongo, mtoto anaweza kuamka vizuri, akaongea, kisha siku moja au chache baadaye akanyamaza kabisa. Halii kama kawaida, analegea, hataki kula, anakasirika bila sababu. Si kiburi wala hajarogwa. Madaktari wanaifahamu hali hii, na hutokea kwa baadhi ya watoto baada ya upasuaji wa eneo hilo. Wengi huanza kuongea tena baada ya wiki au miezi, ingawa wengine hubaki na maneno mazito au kuyumba. Endelea kuongea naye, mwimbie, mpe muda wa kujibu hata kwa macho. Omba mazoezi ya viungo yaanze mapema. Ila usiamue mwenyewe kwamba ni hali hiyo: mabadiliko yoyote mwambie muuguzi palepale.

Mkirudi nyumbani

Akipewa deksamethasoni, atakula sana na uso utajaa. Usiisimamishe ghafla; hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Dawa za kifafa zisirukwe hata siku moja. Degedege ikitokea, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, na usimtie kijiko mdomoni.

Mrudishe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona:

- homa au shingo kukakamaa
- kidonda kutoa usaha, au majimaji meupe kama maji
- kutapika au kichwa kuuma kunakozidi
- usingizi mzito usio wa kawaida
- degedege, au mkono na mguu kulegea

Picha za CT, karatasi ya ruhusa na majibu ya maabara viweke kwenye mfuko mmoja. Nenda navyo kila kliniki, hata ukienda zahanati kwa kikohozi tu. Anayempokea mtoto usiku wa manane hamfahamu, na karatasi hizo zitamweleza haraka kuliko wewe ukiwa na hofu.