Theluji ya Hannay na Hogarth

Mwaka 1822 Charles Cagniard de la Tour wa Ufaransa alitia pombe na gololi ya gumegume ndani ya mtutu wa bunduki, akaziba pande zote mbili, akaupasha moto huku akiugeuzageuza na kutega sikio. Na gololi iliyosikika kwanza ikichapa majimaji ilifikia joto ambapo mchapo wake ulikoma, ikabaki kugonga chuma kitupu. Pombe haikutoweka, bali ilivuka mpaka ambao mbele yake hapana tena tofauti baina ya kiowevu na mvuke. Thomas Andrews wa Belfast aliupima mpaka huo kwa kabonidioksidi, akaukuta, katika hotuba yake ya mwaka 1869, karibu na nyuzi 31 za joto. Mgandamizo kwenye mpaka huo hupata mara 73 ya ule wa hewa ituzungukayo.

Mwaka 1879 wanakemia Hannay na Hogarth waliyeyusha chumvi ya ayodini katika pombe iliyovuka mpaka, na walipolegeza mgandamizo chumvi ile ikaanguka kama theluji. Naona sanaa ya kufanya unga mwembamba kwa njia hii ilizaliwa hapo, ilhali walimwengu waliiacha ikalala takriban miaka mia, hata wahandisi wa Marekani, akiwamo Val Krukonis, walipoirejea katika miaka ya 1980 kwa kupuliza miyeyusho ya namna ile katika tundu jembamba.

Amma kuiumba polima, yaani plastiki na jamii yake, ndani ya kabonidioksidi iliyovuka mpaka lilikuwa jambo zito zaidi, kwani hewa hiyo, ingawa ni rahisi, haishiki moto na hujiendea zake chombo kifunguliwapo, aghalabu hukataa kuyeyusha plastiki, na chembe zikikua hushikamana madonge kama uji usiokorogwa. Mwaka 1994 Joseph DeSimone na wenziwe wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, walitangaza katika jarida la Science dawa yake: polima ya pili, ambayo uti wake hung'ang'ania chembe na matawi yake ya floraini huchanua ndani ya kabonidioksidi, hata chembe mbili zikikaribiana matawi husukumana, kila moja ikabaki peke yake. Plastiki yao, ile itumikayo badala ya kioo, ilitoka katika viduara vya mikroni 1 hadi karibu 3.

Lakini misombo ya floraini ni ghali, tena haiozi kwa wepesi, dosari isiyopendeza katika kazi iliyosifiwa kwa usafi. Basi si ajabu kwamba miaka michache baadaye wanakemia walijaribu silikoni mahali pake, nayo ikazikinga chembe zile zile zisishikamane.