Kare moja, dosie mbili: namna kompyuta nyingi zinaandika mu daftari moja bila kugongana

Kwenye ramani ya madini ya Kongo, inchi yote imekatwa vimraba vimraba kama daftari ya hesabu ya mwanafunzi. Kila kimraba kinaitwa kare, karibu hektari 85. Mwenye kutaka kutafuta madini ao kuyachimba anaomba kare zake kwa CAMI, biro ya Leta inayochunga daftari ya hati za madini.

Kodi ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inapanga dosie kwa kufuata mstari: wa kwanza kufika, wa kwanza kuhudumiwa. Tena kifungu cha 34 kinasema, dosie ya kwanza ikiwa ingali inachunguzwa, hakuna ingine juu ya kare ile itakayochunguzwa. Watu wa kompyuta wanaita jambo hilo kufuli.

Daftari ikiwa ya karatasi, kufuli ni mkono wa karani: anayeishika njo anaandika. Tuseme sasa kuna kompyuta moja Kolwezi, ingine Kinshasa, na daftari ni ile ile. Karani wa Kolwezi anaangalia: kare ni bule. Wa Kinshasa anaangalia dakika ile ile: ni bule. Wote wawili wanaandika, na kare moja inapata wenyewe wawili. Kosa limeingia kati ya kuangalia na kuandika. Kwa hiyo mambo hayo mawili yanafanywa kwa pigo moja, chini ya kufuli, na kufuli inagawiwa na mashini moja tu. Saa za kompyuta hazitoshi kuamua nani alitangulia, juu zinapishana. Mgawaji anatoa namba inayopanda.

Kisha rezo inakatika, na hapo njo kazi. Kolwezi imeshika kufuli, kurani inakufa, kare inabaki imefungwa bila mlinzi. Dawa ni kufuli yenye muda. Hata sheria inaijua: hati ya kuchimba ni ya miaka 25, mbele ya 2018 ilikuwa 30. Lakini kurani ikirudi, mashini ya Kolwezi haijui kama muda wake ulipita. Inaendelea kuandika kama mwenye nyumba. Namba njo inamzuia. Kolwezi ilipewa 33, aliyefuata 34. Daftari ikiisha kuona 34, inakataa 33. Wengi wanasahau hatua hii, na kufuli yao inabaki ya mapambo.

Dosie moja inaweza kugusa kare nyingi. Mu 1976, watu wa IBM, Eswaran, Gray, Lorie na Traiger, walionyesha kanuni: ukiisha kuachilia kufuli moja, usichukue tena ingine. Lakini mmoja akishika kare A akingoja B, na mwenzake B akingoja A, watangojana mpaka kesho. Wakizichukua wote kwa kufuata namba za kare, hawafungani.

Kwa krezeri wa Lualaba, jambo hili linagusa chakula. Kifungu cha 109 kinakataza kufanya eneo la uchimbaji wa mikono pahali penye hati ingali hai. Daftari ikionyesha hati iliyokufa kama ingali hai, eneo halifunguki, na mchimbaji anaitwa mvamizi.

Muda wa kufuli ya kompyuta njo wenye kubishaniwa sana. Ukiwa mfupi, mtu wa biro yenye rezo ya polepole anapoteza zamu yake ya haki. Ukiwa mrefu, kare inalala siku nzima juu ya mashini iliyozimika.